Mke wa Mwaka Mmoja

Enzi zile, wajukuu zangu, milima ikiwa bado haijapewa majina na watu wakiitana kwa sauti kutoka bonde hadi bonde, alikuwako mfinyanzi aitwaye Nakijwa. Mnanisikia? Itikieni basi, nijue tuko pamoja.

Kijiji chao kiliishi kwa mfereji mmoja tu, na mfereji huo ulianzia juu, kwa mtawala Sengondo. Mwaka ule Sengondo akauziba. Migomba ikanyauka, mbuzi wakalamba mawe. Wazee wakapanda kuomba, wakarudi na jibu moja: anamtaka Nakijwa.

Nakijwa akapanda mwenyewe.

"Sikutaki maisha yote," Sengondo alimwambia kwa upole, kama anayekaribisha mgeni. "Nakutaka mwaka mmoja. Mtawala asiye na mke hatoi sadaka ya mavuno. Leo maji yatashuka, na mwaka ukiisha nawe utashuka."

"Na nikikataa?"

"Sikulazimishi. Njia ya kurudi unaiona. Utawakuta wanakusubiri na vibuyu vyao."

Hakumgusa hata ukucha, watoto. Hakupaza sauti. Lakini Nakijwa alitazama chini kwenye migomba iliyonyauka, akakubali. Wakala ini la mbuzi mbele ya mashahidi, wakaapa: Nakijwa hatatoka bomani, hatasema na mtu wa kwao, hatauliza swali.

Maji yakashuka. Kidogo tu, ya kulowesha mizizi.

Bomani aliishi na mtumishi mmoja, bibi mkimya aitwaye Namsifu, aliyempikia na kumsuka nywele. Mwezi ukafa, mwezi ukazaliwa. Ukafa, ukazaliwa. Nakijwa akavumilia, mpaka mavuno yakarudi.

Asubuhi, siku moja kabla ya sadaka, alikuwa akifunga nguo zake. Namsifu akamtazama.

"Unafunga za nini, mwanangu?"

"Kesho, sadaka ikiisha, naenda kwetu, mama. Mwaka umekwisha."

Bibi aliuacha uji ukafurika motoni.

"Mimi pia niliambiwa mwaka mmoja," akasema.

"Wewe? Si u mtumishi, mama?"

"Nilikuwa mke. Kwetu ni bonde la pili. Mwaka ulipoisha akasema mvua haikutosha, niongeze mmoja. Nikaongeza. Akataka mwingine. Nilipokataa akaziba mfereji wetu, na mdogo wangu akafa kiangazi kile. Nikaacha kukataa; nilipozeeka akaniweka jikoni, nisionekane na watu. Leo ni mwaka wa ishirini na mbili."

Furushi lilimwanguka Nakijwa. Mwaka mzima alikula kutoka mikono ile, asijue anamtazama nani.

Siku ya sadaka mabonde yote yalijaa uwanjani. Desturi ilikuwa mke amkabidhi mtawala kibuyu cha pombe, atamke mbele ya watu kwamba amekaa kwa hiari yake. Nakijwa alikishika kibuyu, magoti yakimtetemeka.

"Sikukaa kwa hiari," akasema. "Nilikaa kwa sababu alifunga maji."

Sengondo akatabasamu. "Mke wangu amechoka."

"Basi muulizeni Namsifu kama naye amechoka."

Mzee mmoja wa bonde la pili akasimama taratibu. "Namsifu alikufa," akasema. "Dada yangu. Tulimlilia, tukanyoa nywele. Mtawala ndiye aliyetuletea habari."

Hapo bibi akatoka nyuma ya mitungi, mwiko bado mkononi.

"Sikufa, kaka."

Wajukuu, watu wakasogea kumwona. Mzee yule aliunyoosha mkono, akaurudisha, kama anaogopa kugusa. Kisha walinzi wa Sengondo, ambao mama zao walitoka mabonde yaleyale, wakaweka mikuki chini. Wanawake wakachukua majembe, wakaenda kuufungua mfereji. Sengondo alibaki kitini akitoa amri kwa sauti ileile laini, na hakuna aliyegeuka. Kesho yake kiti kilikuwa kitupu, wala hakuna aliyemtafuta.

Namsifu alirudi kwa kaka yake. Nakijwa akarudi kwenye udongo wake, ila kwa miaka mingi alishtuka kila aliposemeshwa kwa upole.

Basi yashikeni haya: mtu akikuzibia njia zote akakuachia moja, kisha akakwambia umechagua, hukuchagua. Semeni mbele za watu, hata magoti yakitetemeka.

Nami nimekitua hapa nilichobeba. Mwenye nguvu akinyanyue, awapelekee wasiokuwepo.