Biriani ya Mheshimiwa Tunu

Bwana Shomvi, mkurugenzi wa kampuni ya bima, alimwandalia mbunge Tunu biriani ya mbuzi. Alitaka mbunge huyo aupinge muswada wa kuzilazimisha kampuni za bima zilipie dawa za kisukari.

"Mheshimiwa, nina ombi kuhusu muswada," alianza.

"Tule kwanza," Tunu alisema. "Mwenye njaa hasikii."

Alikula, akaongezewa, akanawa mikono.

"Kwani hizo dawa hamzilipii kwa nini?" aliuliza.

"Wagonjwa wanakuja na kisukari chao. Kilichotangulia mkataba hakilipwi."

"Hata kidogo?"

"Hata senti. Sasa umeshiba, Mheshimiwa. Kura yako ni yangu?"

Tunu alichukua mkoba wake, akasimama.

"Biriani yako ilikuwa tamu, ndugu yangu. Bahati mbaya imetangulia mkataba."