Kuku wa Bi Mwanamvua

Mnyimwa fungu hujichinjia. Nawasikia mkiisema methali hii mkinyimana maandazi, mnacheka, wala hamjui ilitokana na hasira za nani. Basi nyamazeni niwape asili yake.

Zamani kijijini hapa Idi ilikuwa ng'ombe. Kijiji kizima kilimlisha ng'ombe mmoja, kila nyumba na zamu yake ya kukata majani, kazi ya wanawake, na siku ya Idi nyama ikagawanywa mafungu, kila mume lake. Mwaka huo Bi Mwanamvua alikuwa amefiwa na mumewe, Hizza. Zamu ya majani hakusamehewa. Alikata masika na kiangazi, viganja vikamchanika, huku akiwaahidi wanawe pilau ya nyama.

Siku ikafika, akaenda na ungo wake. Mzee Semboja, mgawaji, hata hakuinua macho.

"Fungu ni la mume, mwanangu. Hizza hayupo."

"Na majani je, mzee wangu? Aliyakata Hizza kutoka kaburini?"

Wanaume wakacheka. Mmoja akamtupia kwato, akachemshe supu. Aliiacha pale pale vumbini. Alirudi kwake na hasira zake. Angelia, lakini watoto walikuwa mlangoni wanauangalia ungo.

Akamkamata tetea wake wa pekee. Enzi hizo mwanamke hachinji. Husimama njiani na kuku mkononi akingoja mwanamume apite. Yeye hakungoja mtu. Alielekea kibla, akataja jina la Mungu, akachinja.

Sufuria haijachemka, Mzee Semboja huyo, na kundi nyuma yake, anafoka kwamba kuku huyo ni kibudu, amwagwe. Bi Mwanamvua akatoka na kisu kile kile.

"Mwulize mwalimu wa chuo cha Kurani. Huyo hapo nyuma yako."

Mwalimu akatazama chini, akasema ni halali. Kumbe siku zote alijua, akanyamaza! Mimi huyo ndiye anayenikera zaidi.

Watoto wakala wakashiba. Firigisi, kipande cha baba, Bi Mwanamvua aliila mwenyewe, mlangoni, watu wakiona.

Zamu za majani ya ng'ombe mpya zilipotangazwa, hakutoka mwanamke hata mmoja. Kila mke alikwisha kujiuliza, siku mume wangu akifa, nami nitatupiwa kwato? Wanaume walijaribu kukata wenyewe, wakachoka upesi, ng'ombe akauzwa.

Mzee Semboja akamwuliza mkewe, sasa Idi tutakula nini? Mkewe alikuwa akiwamwagia kuku wake mtama. Hakugeuka.

"Mnyimwa fungu hujichinjia."