Binti Aliyetafuta Ishara Katika Zaburi

Imepokewa kutoka kwa waumini wa zamani, ndugu wapendwa, kwamba katika nchi ya Misri, kwenye nyumba moja ya watawa wa kike, aliishi mja wa Mungu aitwaye Yulita. Alikuwa na moyo safi, ila moyo wenyewe haukujua kutulia. Kanuni ya nyumba ile ilimpa kila mnovisi kama yeye, yaani msichana anayejaribiwa kabla ya kuwa mtawa, mwaka mmoja tu. Mwaka ukiisha, siku ya Pentekoste, alipaswa kusimama mbele ya watawa wote na kusema kama Mungu amemwita. Asiye na jibu alirudishwa kwa wazazi wake, wala hakupokelewa tena.

Yulita aliogopa kukosea. Basi akajizoeza jambo ambalo wacha Mungu wengi wamelifanya, Mungu awasamehe: kila alfajiri alifumba macho, akafunua Zaburi popote, akaweka kidole, na mstari ulioguswa akaufanya amri ya siku. Leo kidole kilimwambia akae nyumbani mwa Bwana. Akafurahi hadi adhuhuri. Kesho kikamwambia akimbilie jangwani. Akaanza kufunga mizigo. Siku moja kiliangukia laana juu ya maadui, maskini, akadhani yeye ndiye aliyelaaniwa, akashinda hajala. Usingizi ukampotea, akakonda.

Siku hizo alikuwa amepangiwa kazi katika chumba cha wagonjwa kando ya lango, walikoletwa maskini wenye vidonda. Aliwaosha na kuwafunga vitambaa, huku akinung'unika moyoni kwamba kazi inamnyima nafasi ya kumsikia Mungu. Miongoni mwao alikuwapo Bibi Tamari, mwenye donda la mguu, ambaye hakukubali kuguswa na mtu mwingine ila Yulita.

Pentekoste ikafika. Watawa walikusanyika kanisani, na mkuu wao, Mama Sosana, akiwa na shela ya utawa mkononi, akamwuliza Yulita ameonyeshwa nini. Waliomtangulia walikuwa wamesimulia ndoto na nuru. Naye alitamani sana kuwa na la kusimulia. Uongo mdogo ungetosha, na nani angejua?

"Mama, sijaonyeshwa kitu," alisema. "Nimetafuta mwaka mzima. Sina."

Yulita akawa hasimami sawasawa, anatazamatazama mlango, hata Mama Sosana akamwuliza anasumbuliwa na nini.

"Nisamehe, Mama. Bibi Tamari hajafungwa donda tangu asubuhi, na maji ya dawa yanapoa. Kama ni kurudishwa nyumbani nitakwenda, ila niruhusu kwanza nikamwoshe."

Mama Sosana akamruhusu.

Yulita alitoka mbio, akijua amepoteza kila kitu. Akapiga magoti kando ya kitanda, akaliosha donda polepole huku machozi yakimtiririka, akalifunga. Alipoinua kichwa aliwaona watawa wote wamesimama mlangoni, na Mama Sosana mbele yao na ile shela.

"Mwaka mzima umemwuliza Mungu uende wapi, mwanangu," alisema. "Leo ulijua."

Akamfunika kichwa pale pale, mbele ya wagonjwa.

Ndugu zangu, nasi tunahangaika tukisubiri mbingu zifunguke. Si aibu kukiri kwamba hatujaona kitu. Ila tujiulize ni kazi gani isiyotuacha tutulie mpaka tumeitimiza, maana huenda Bwana ametuita hapo siku nyingi, nasi tukadhani anatuchelewesha.