Jina la Kisima cha Nanjota

Hapo zamani, zamani ya juzijuzi tu, mji wa Nanjota ulikuwa na kiwanda cha saruji, na kiwanda kilikuwa na moshi. Ikatoka amri: hewa ukaa ya moshi huo ifukiwe ardhini, la sivyo kiwanda kifungwe. Nusu ya mji ilikula kwa kiwanda hicho. Watu wakakosa usingizi.

Sasa, chini kabisa ya Nanjota, chini ya visima vya maji matamu, kulikuwa na mwamba wa mchanga uliojaa maji ya chumvi, maji asiyoyagusa mtu wala mbuzi. Juu yake ulilala mwamba mzito usiopitisha kitu. Wataalamu wakasema: kichimbwe kisima kirefu, hewa isukumwe humo kwenye chumvi, na mwamba wa juu uifunike.

Lakini nani aonaye chini ya ardhi? Akaitwa Somoe, binti wa mjini hapohapo, fundi wa modeli za kompyuta. Kazi yake ilikuwa kuujenga mwamba ule ndani ya kompyuta, kuipuliza hewa humo, na kutazama mamia ya miaka yakipita kwenye skrini.

Somoe akajenga. Hewa ikapanda, ikagota kwenye mfuniko, ikatambaa, ikatulia. "Imekubali!" akapiga kelele, akamkumbatia hata mlinzi wa getini.

Akaja Mandanje, mwenzake wa ofisini, aliyepewa kazi moja tu: kuivunja modeli, yaani kuitafutia kosa. Akapitia upya vipimo vya mtikiso wa ardhi, vinavyoichora miamba kwa mistari.

"Dada Somoe, mstari huu umekatika."

"Ni kelele za mashine. Nimeunyoosha."

"Si kelele. Ni ufa."

Wakautia ufa kwenye modeli. Hewa ikatambaa, ikaufikia, ikapanda nao hadi kwenye maji ya kunywa. Somoe akatoka nje akalia, akamchukia Mandanje kutwa nzima.

Aliporudi akamuuliza, "Sasa tufanyeje?"

"Mimi ni wa kuvunja," akasema Mandanje. "Kujenga hapo sijui."

Kwenye modeli, Somoe akahamisha kisima cha hewa huku, hewa ikatoroka. Akakihamisha kule, ikatoroka. Akakivusha ng'ambo ya mwinuko wa mwamba, mbali na ufa: hewa nyingine ikanaswa kwenye vitundu vya mwamba, nyingine ikayeyuka kwenye chumvi ikazama. Ufa haikuufikia! Ila vitundu vya huko alikuwa amevikisia tu.

Akaitwa Likwena, mkuu wa wachimbaji, apachimbe. Keekee ya kutobolea mwamba ikavunjika, ikaletwa nyingine, nayo ikakwama. Mabwana wakubwa wa kiwanda wakasema basi, inatosha.

"Mwanangu," Likwena akamuuliza Somoe, "hapo ulipoweka alama, una hakika?"

"Sina, mjomba. Nahitaji jiwe la huko chini, nivione vitundu vyake."

"Basi jiwe nitakuletea."

Akawabembeleza wakubwa, Idi ikamkuta mtamboni, na jiwe akalitoa. Somoe akalidondoshea maji. Maji yakatoweka.

"Linakunywa!" akaruka. "Mjomba, linakunywa!"

Hewa ikasukumwa chini. Vipimo vikaifuatilia, nayo ikapita mlemle Somoe alimoichora. Visima vikabaki vitamu, kiwanda kikabaki wazi, na Nanjota ikacheza ngoma mpaka vumbi likawa jingi kuliko moshi.

Katikati ya pilau akainuka mwenyekiti wa mji, Bi Nantembo, mkononi brashi, pembeni bango jeupe. "Kisima kipewe jina la aliyekistahili. Jina moja! Bango ni dogo."

Akasimama Likwena: "Bila jiwe langu, modeli ni picha ya kutundika ukutani. Wengine walipokata tamaa, mimi nilichimba. Kisima ni changu!"

Akasimama Mandanje: "Bila mimi, leo mngekuwa mnachota soda visimani." Watu wakaangua kicheko. "Mimi ndiye niliyewaokoa na kisima kibaya. Kisima ni changu!"

Somoe alikusudia kunyamaza, kwa kuwa mstari aliunyoosha yeye. Lakini miguu ikamwinua. "Kosa lilikuwa langu, sikatai. Ila kaka Mandanje alijua pasipofaa, na mjomba akachimba nilipomwonyesha. Aliyepatafuta panapofaa mpaka akapapata ni nani? Kisima ni changu!"

Vigelegele huku, vigelegele kule. Bi Nantembo akachovya brashi, akaiinua, akaganda, rangi ikimtiririkia mkononi.

Je, ninyi mnaosikiliza, nani alistahili? Mshikeni Bi Nantembo mkono: aandike jina la nani?