Mto Ulipokaribishwa Kutua Mzigo

Sogeeni. Na wewe uliyeuliza kwa nini mawe yabaki chini ya mlima na tope lifike bondeni, funga mdomo ufungue masikio.

Zamani hizo mto wetu haukuacha kitu njiani. Mawe, mchanga, tope, vyote uliving'oa mlimani ukavipeleka moja kwa moja baharini. Bondeni ilibaki ardhi ngumu, jembe likigonga linaruka. Huko ndiko alikoishi Nakiete, mjane mwenye watoto watatu na kikapu kimoja cha mbegu. Asingepata udongo mwaka ule, watoto wangekula mbegu, na baada ya mbegu hakuna kitu tena.

Desturi ya watu wa bonde lile ilikuwa hii: mbebaji hatui mzigo mpaka mwenye nyumba amwambie "tua." Nakiete akawaza, loo, kumbe mto huu haujawahi kukaribishwa! Mvua zilipoanza alisimama shambani akapaza sauti, "Karibu mgeni, tua mzigo wote!"

Ukatua kweli. Majabali yakaporomoka, pu! pu! Shamba zima likafunikwa. Nakiete akashika kichwa. "Ole wangu! Nakuomba udongo, waniletea mawe?"

"Mama, si umesema wote?" mto ukajibu. "Mzigo mzito nautua nikianza kuchoka, mwepesi mpaka nilale. Nipokee kwa mpango."

Basi akapanda hadi mteremko unapoishia, akasema, "Tua mawe." Ukatua. Akashuka hadi penye makona, mto unapopunguza mwendo. "Tua mchanga." Ukatua. Nani kama Nakiete! Lakini bondeni mto ukasita.

"Tope halitulii mpaka nijinyooshe. Shamba umelijaza mawe. Mahali papana palipobaki ni hapo penye nyumba yako."

Nyumba ile aliijenga marehemu mumewe. Nakiete alilia, wala hakujificha. Kisha akawatazama watoto, akaibomoa nguzo kwa nguzo, akahamia kilimani.

"Haya, lala," akasema. Mto ukatandaa, ukatulia, tope likashuka polepole. Maji yalipopungua, akapanda mbegu zake katika udongo mweusi, na mwaka ule watoto wakashiba.

Na tangu siku hiyo mawe hubaki chini ya mlima, mchanga kwenye makona, tope bondeni. Nasi hulima chini, hulala juu. Anayetaka kujenga bondeni na ajenge, shauri yake. Ila mvua ikija, asinigongee mlango.