Sahani ya Mgeni

Sogeeni, ngano yangu fupi. Katika kijiji cha theluji huko Ulaya, Bronka, mama wa watoto watatu, kila Krismasi aliandaa sahani moja zaidi, ya mgeni asiyetarajiwa. Ndiyo desturi ya kwao. Mwaka mmoja likaingia zimwi.

"Nimekuja kula mtoto!"

"Vua viatu, nimepiga deki." Likavua.

"Nimekuja kula mtoto!"

"Nawa mikono kwanza." Likanawa.

"Nimekuja kula mtoto," likasema, sasa kwa sauti ndogo.

"Kaa, supu inapoa." Bronka hakugeuka, alikuwa akimfuta kitindamimba makamasi.

Zimwi likaketi penye sahani ya mgeni, likala, likashiba, wala halikuondoka tena.

Krismasi iliyofuata mlango ukagongwa. Zimwi likawahi kupaza sauti:

"Vua viatu, nimepiga deki!"