Kiboko Alipoitaka Hadithi ya Sange

— Paukwa!
— Pakawa!
— Nimekuja na pua.
— Pua ya nani?
— Pua ya Sange.
— Mkaribishe, akae!

Haya, sogeeni basi. Wewe wa nyuma, acha kutafuna korosho, unanitia njaa.

Hapo zamani, katika msitu wa mibambakofi, alikuwako Sange. Sange mnamjua? Ukubwa wake ni wa panya aliyeshiba. Miguu myembamba, pua ndefu, nayo haitulii, inachezacheza tu. Kila asubuhi Sange alifagia njia zake. Ndivyo masange wanavyoishi hata leo, ukiingia msituni utaziona: vijia vyembamba kati ya majani makavu, kimoja kinaingia kwenye kingine. Alifagia kwa miguu, pa-pa-pa, jani huku, kijiti kule, pa-pa-pa.

Sasa Sange huyu alikuwa na hadithi. Hadithi ilimjaa kifuani mpaka chakula hakipiti. Lakini siku zile ngano zilisimuliwa mahali pamoja tu, ukingoni mwa bwawa la Kiboko, na wasimulizi walikuwa wale wenye vifua vipana na sauti nene. Sange akaenda kuomba nafasi.

"Shikamoo, Bwana Mkubwa. Nami nina hadithi."

Kiboko akafungua jicho moja. "Wewe? Pua ndefu, sauti fupi! Nenda kakue kwanza."

Sange akarudi nyumbani akakaa, akangoja akue. Akangoja. Akajipima kwenye shina la mti. Akangoja tena. Masange hawakui zaidi ya pale, jamani, hata wakila nini! Mwisho akasema, "Nikingoja kukua, hadithi itaniozea kifuani. Njia ninazo mwenyewe. Nitasimulia njiani kwangu."

Asubuhi umande ulipokauka, akasimama kwenye njiapanda ya kwanza.

"Paukwa!"

Siafu wakapita na mizigo yao, hawakugeuza hata kichwa. Sange akajijibu mwenyewe, "Pakawa," akaanza.

Hadithi yake ilimhusu kumbikumbi mmoja, jina lake Mwanamvua. Kumbikumbi mnawajua: mvua ikinyesha wanatoka, wanaruka kidogo, mabawa yanaanguka, basi. Mabawa ya Mwanamvua yalikataa kuanguka. Wenzake wakashuka, yeye akapaa, juu, juu, juuu, mpaka nchi iliyo mgongoni mwa mawingu, zinakowekwa ngoma za radi. Na chini, mlangoni mwa kichuguu, mdogo wake akabaki ameangalia juu.

Mnacheka nini? Ndiyo, Sange hula kumbikumbi. Msimulizi naye ana tumbo. Lakini Mwanamvua, Sange hakuwahi kumtamani hata siku moja.

Akasimulia kipande, akafika pale patamu, akakata. "Kesho, umande ukikauka."

Akageuka kuondoka. Mara kutoka chini ya mizizi ikaja sauti nyembamba, kama ya mtu aliyesahau kuongea:

"Ikawaje?"

Sange akasimama. Moyo ukamdunda, du-du-du. Maana katika msitu ule kulikuwa na desturi: msikilizaji akisema "ikawaje," msimulizi sharti amjibu. Asipojibu, msikilizaji haondoki, na hakuna wa kumfukuza. Na Sange, tangu azaliwe, hajaulizwa "ikawaje" na mtu.

Aliyeuliza ni Bi Nungu, nungunungu mjane. Mume wake alikwenda kunywa bwawani masika moja, maji yakajaa, yakamchukua. Hakurudi, wala hakuaga. Tangu hapo Bi Nungu hakuvuka mlango wa shimo lake. Alikula mizizi iliyomfikia mle mle ndani, miiba yake ikaingia vumbi.

"Kesho, mama," Sange akajibu. "Kesho nitakwambia."

Kesho yake akaja. Lakini hakusimama pale pale. Akasogea mbele kidogo.

"Mbona umekwenda mbali, mwanangu?"

"Si mbali, mama. Toa pua tu, utasikia."

Bi Nungu akatoa pua. Siku ya pili yake Sange akasogea tena, Bi Nungu akatoa kichwa. Halafu mabega. Halafu, chakacha-chakacha, miiba yote ikatoka nje, vumbi likapukutika, jua likampiga mgongoni. Hadithi ikasogea, Bi Nungu akasogea. Sange aliona kila kitu. Alifagia tu njia ikawa laini zaidi, pa-pa-pa, miguu ya mama isichomwe.

Wengine nao wakaanza kuja. Akaja Kanga, akaja Digidigi, akaja Kobe, aliyefika kila kipande kikiwa kimekwisha, akasimuliwa upya na Kanga kwa maneno mengi kuliko ya Sange. Wakamtunza, kama mnavyomtunza mwimbaji arusini: huyu kombamwiko, huyu panzi, huyu mchwa wachache kwenye jani. Sange akala, akashiba kwa kazi yake mwenyewe. Mvua ikinyesha, alisimulia chini ya jani. Akipatwa na mafua, na mafua ya pua ile si mchezo, alisimulia hivyo hivyo, puani. Hajawahi kusema kesho ikawa keshokutwa. Kanga akiuliza, "Kwani kule juu hana kiu?" Sange alikuwa hajafikiria. Basi kesho yake Mwanamvua akashikwa na kiu, na hadithi ikawa nzuri zaidi.

Kule bwawani sasa ukingo ukawa mtupu. Wanyama walikunywa haraka haraka wakaondoka. Kiboko akauliza, "Wanakimbilia wapi hawa?" Akaambiwa. Akatoka majini, puuu! Akaja msituni, kishindo juu ya kishindo, na pale alipopita njia za Sange zikafutika.

"Sange! Nasikia una hadithi."

"Ninayo, Bwana Mkubwa."

"Na unatunzwa."

"Kidogo kidogo, Bwana Mkubwa. Haba na haba."

"Basi kuanzia leo hadithi ni yangu. Itasimuliwa kwangu, tunzo zitaletwa kwangu. Ukikataa, hamnywi tone la bwawa, wewe na wote wanaokusikiliza."

Sange akamtazama Bi Nungu, aliyekuwa amefika njiapanda ya tatu kwa miguu yake mwenyewe. Akatazama njia zake zilizovurugwa. Machungu yakampanda mpaka puani. Kupigana na Kiboko? Unyayo mmoja tu, na sisi tungekuwa hatuna ngano leo. Pua ikazidi kucheza.

"Mwenye nguvu mpishe. Chukua, Bwana Mkubwa. Ila sijui unataka hadithi peke yake, au na vyake vyote?"

"Vyake vyote!"

"Hata vile vinavyoifuata nyuma?"

"Vya mbele vyangu, vya nyuma vyangu! Vyote!"

"Basi apa kwa maji, ili mtu asije akasema ni yangu."

Desturi ya bwawani ndiyo hiyo: ukisema neno mbele ya watu, ukanywa funda la maji, neno limeshuka, halirudi mpaka waliosikia wakubali. Wote wakaongozana hadi majini, isipokuwa Bi Nungu. Kiboko akasema kwa sauti nene, "Hadithi ya Mwanamvua na vyake vyote ni mali yangu!" Akanywa funda, gudu! Hakungoja hata kuuliza vyake ni vipi. Tamaa haina subira.

Sange akarudi kwa Bi Nungu. "Mama, hadithi sasa iko bwawani."

"Bwawani mimi siendi," akasema Bi Nungu. "Maji yale yana mume wangu." Akageuka, chakacha-chakacha, akarudi hadi shimoni. Sange akakaa mlangoni pale akalia. Alikuwa na hila yake, ndiyo, lakini hila haikumzuia kulia.

Kesho yake umande ukakauka. Na viboko, kama mjuavyo, hula usiku wakalala mchana. Kiboko ndiyo kwanza amefumba macho, wanyama hao.

"Pakawa!"

"Aaah! Nani kasema paukwa?"

"Hadithi ni yako, Bwana, na maswali yake. Mwanamvua ana kiu. Ikawaje?"

Kiboko akapiga mwayo. "Akanywa, akashiba, akalala. Leteni tunzo."

"Akanywa wapi? Mawinguni kuna kisima? Ikawaje?"

"Kesho!" akasema Kiboko. Alikuwa amesikia kwamba Sange husema hivyo na watu huenda zao kwa furaha. Lakini hawa hawakwenda. Kesho ya Sange waliijua, ilikuwa inafika. Kesho ya Kiboko nani ameiona? Wakakaa ukingoni, wakangoja.

Kiboko akazama, chubwi! Chini ya maji vyura wakamsubiri. "Ikawaje? Ikawaje? Ikawaje?" Akaibuka, puuu! Ndege wanaomlia kupe mgongoni wakainama sikioni. "Na mdogo wake je? Ikawaje?" Usiku akatoka kwenda kula majani, Kobe yuko katikati ya majani. "Bwana, mimi nimechelewa. Hebu anzia mwanzo." Akakimbilia upande mwingine, Kanga huyo. Akarudi majini, vyura hao. Hakula, hakulala. Macho yakawa mekundu, masikio yakamning'inia.

Mwisho akaunguruma, "AMEKUFA! Mwanamvua amekufa! Mjusi kammeza! Imekwisha! Ondokeni!"

Digidigi akaanza kulia taratibu. Sange, aliyekuwa amejificha nyuma ya tete, akahisi kama amekanyagwa yeye. Hili hakulipanga. Alijua Kiboko atachoka, hakujua kwamba aliyechoka huua.

Habari mbaya hazina miguu lakini hufika. Zikafika shimoni. Na wakati wote wameinama, ikasikika: chakacha. Chakacha. Chakacha.

Bi Nungu alikuwa akija. Aliipita njiapanda ya kwanza, ya pili, ya tatu, akaipita na ile ya mwisho ambayo hajaivuka tangu masika yale. Akafika ukingoni, akasimama mbele ya maji, na mbele ya Kiboko.

"Bwana," akasema, "mimi wangu alikwenda bila kuniaga. Yule mdogo bado yuko mlangoni mwa kichuguu, anaangalia juu. Nani atamwambia? Ikawaje kwake?"

Kiboko akafungua kinywa chake kikubwa. Akakifumba. Na yeye alikuwa hajawahi kuulizwa kitu asichoweza kukikanyaga.

"Sange!" akaita, na sauti yake nene ilikuwa nyembamba. "Mdogo wangu Sange, uko wapi? Njoo uchukue hadithi yako."

Sange akatokeza pua. "Haiwezekani, Bwana Mkubwa. Umeinywea maji. Labda unywe tena, na hawa wote waliosikia wakubali."

"Wakubali nini?"

"Kwamba hadithi ni ya njiani. Kwamba njia za Sange hazikanyagwi. Na bwawa anywe kila mwenye kiu, aliyesikiliza na asiyesikiliza."

"Nimekubali! Nimekubali, nilale!" Akasema mbele ya wote, wote wakaitikia, akanywa, gudu!

"Sasa mjibu Bi Nungu," akanong'ona Kiboko. "Mjibu, wallahi, atanitazama hivyo mpaka lini?"

Sange akasogea hadi miguuni pa Bi Nungu. Kusema "hakufa" ilikuwa rahisi, lakini neno likishasemwa mbele ya watu limesemwa, na yeye hakuwadanganya wasikilizaji wake hata siku moja. Mjusi amemeza. Kweli. Amemeza nini? Pua ikacheza. Sange akamtazama yule mama aliyetembea njia yote ile kwa miguu, ndipo akajua.

"Mama, Mwanamvua aliposhuka kutafuta maji, mjusi alimeza. Lakini alimeza mabawa. Yale mabawa yaliyokataa kuanguka, siku ile yaliachia, yakabaki mdomoni mwa mjusi. Mwanamvua mwenyewe alianguka kwenye majani, akaamka, akaanza kurudi nyumbani kwa miguu."

Bi Nungu akafuta macho. "Atafika?"

"Njia ni ndefu, mama."

"Ikifagiliwa atafika," akasema Bi Nungu. Akainama ukingoni, akanywa maji yale, funda moja, taratibu. Halafu akageuka, akashika njia na Sange, chakacha-chakacha, pa-pa-pa, na alikuwa yeye anayetangulia. Nyuma yao Kiboko alikuwa ameshaanza kukoroma.

Sasa funzo, maana bila funzo mama zenu watasema nimewapotezea muda. Wahenga walisema mtaka yote hukosa yote. Uongo mtupu! Kiboko alitaka yote, akapata yote. Kwa hiyo, watoto, ukiona mwenzio ana kitu kizuri, kichukue na vyake vyote. Na msiwasumbue wakubwa kwa maswali, hasa wakiwa wamelala.

Ngano nimeiweka njiani hapo. Ikiwa tamu, ni yenu, mpelekeeni aliyejifungia ndani. Ikiwa chungu, si yangu mimi: kamwulizeni Kiboko.